Kiti cha Jino, Newala

Jino lilipasukia kwenye korosho,
gego la nyuma, kushoto.
Siku nne nimelifunga kitenge.

"Mama Somoe, umekula?"
Nimekula, nikasema. Uongo. Chai ya rangi tu.

Sindano ikazama kwenye ufizi
na moyo ukaanza kutwanga,
mchi ndani ya kinu kitupu.
Vidole vikafa ganzi, navyo hakuvichoma mtu.
Masikio yakajaa nyenje.
Ile taa ikawa ndogo, ndogo,
kama tochi ya mtu anayeshuka bondeni kuteka maji.

Nikashuka nayo.

Nimerudi miguu ikiwa juu, kichwa chini,
nesi ananipepea kwa faili langu:
"Tupo hapa, mama. Vuta pumzi. Polepole."

Miaka ishirini na sita nazalisha wanawake,
damu hadi viwikoni, sijawahi kuyumba.
Na Asina wa Mnyambe, aliyezimia kwa sindano moja,
nilimwambia: "Acha kujilegeza. Wewe wa kwanza?"

Jino bado limo. Jumatano nitarudi,
nitakula ugali kwanza.

Leo nimepitia Mnyambe.
Mdomo mzito wa ganzi,
maneno yananidondoka upande.
Nimeyasema hivyo hivyo.