Upatanisho wa Kisarufi

Ulianza na vikombe.
"Vikombe zimevunjika," alisema mama,
Mwalimu Havijawa wa Chang'ombe,
yule aliyemkatalia mposaji wa dada yangu
kwa sababu ya "gari yangu".

Tulicheka. Tukadhani anatutania.
Yeye hakucheka.

Vidole vyake tulikwisha kuvizoea:
miaka kumi na moja ya baridi yabisi,
vifundo kama tangawizi,
chaki aliyoiviringishia kitambaa apate kuishika,
na vidonge vya kila Jumatatu
vya kuwatuliza askari wa mwili
waliomgeukia mwenye nyumba.
"Tunawasinziza kidogo tu," daktari alisema zamani.
Hatukuuliza:
wakisinzia, getini yuko nani?

Wiki ya pili, kichwa.
Wiki ya tatu mwanga wa dirisha ukawa unamchoma,
mkasi akauita "kile cha kula karatasi",
nami akaniita kwa jina la mjomba,
marehemu.

Mwaisela nesi alisoma faili: "Havijawa?"
"Bado," nilijibu.
Wakampima kile kipimo cha kunong'onezwa.
Wakarudia. Mara ya tatu
nesi akateremsha sauti, mimi nikaipandisha:
hana, jamani, hana!
Mtaani hukumu ilishasomwa;
Mama Nuswe alileta uji
akautua kizingitini.

Kisha sindano ya mgongo.
Maji yakatoka meupe, hayana la kusema,
mpaka Lusekelo wa maabara
alipoyatia tone la wino
akanisogezea hadubini.
Katika weusi ule
nikaona vitone vyeupe, kila kimoja
kimezungushiwa duara,
kama daftari lililopita mkononi mwa mama.

"Fangasi," alisema. "Wengi tunaivuta, haitufanyi kitu.
Mna njiwa karibu?"

Juu ya bati la Mzee Shomvi, njiwa hamsini,
tangu sijazaliwa.
Niliporudi kuchukua kanga nilisimama uani nikawatazama.
Nikatafuta jiwe. Nikaliacha.

Dawa ilikuwa ya manjano,
mfuko wake umevishwa plastiki nyeusi isione jua.
Iliposhuka mama alitetemeka
hata kitanda cha jirani kikalia.
Vidonge vya Jumatatu vikasimamishwa,
askari wakaamshwa,
wakamwendea mgeni kichwani,
na wakiwa njiani
wakapitia vidoleni kuvunjavunja.
Usiku nilivishika kama mayai.

Siku ya kumi na tisa alifumbua macho,
akatazama pangaboi, akanitazama.
Nikakosea kwa makusudi:
"Mama, kitabu yako nimeileta."

Kimya kirefu.
Mtu akapita na toroli la chakula.

"Chako," alisema. "Nimekileta."

Nililia mbele ya wodi nzima.

Halafu, kwa sarufi safi kabisa,
akaniuliza
mimi ni mtoto wa nani.