Pasua, Tunakounga

Cha kwanza alikileta kwenye gazeti
kama dagaa wa jioni:
kapi la mlingotini, gurudumu limekatika nusu.
"Nimetoka Mbuyuni hadi Kiborloni.
Dukani wananiuliza ni la mashine gani ya kusaga."

Mwalimu Senzighe, mstaafu wa hesabu,
ana mashua ya tanga kule Nyumba ya Mungu.
Mimi fundi baiskeli, mzaliwa wa Kibosho;
maji makubwa niliyoyazoea
ni ya mfongo, unayavuka kwa hatua moja
na ndala hailowi.

Nikaligeuza. Kapi ni nini?
Gurudumu lililonyimwa safari.
Linazunguka, halifiki.
Baiskeli zilizopinduliwa hapa kijiweni
zote nazijua kwa hali hiyo.

Mama Ndeshi wa supu alikuwa na ubao wa plastiki
uliochoka visu.
Nikachora duara kwa sarafu ya mia mbili,
nikakata kwa msumeno wa chuma,
nikachimba mfereji wa kamba kwa tupa ya mviringo,
taratibu, nikipuliza.
Mhimili: kipande cha ekseli ya Foniksi.
Bei, elfu mbili.
Alilipa elfu moja mia tano
na perege mmoja, jicho bado linang'aa.

Ikawa kila akifuata pensheni anapitia kwangu.
Kana ya usukani inacheza kwenye tundu lake:
nikaivika mpira wa kandambili.
Vishikizo vya tanga vimekatika, saba:
nikavichonga kwenye dumu la mafuta ya kula,
la njano, na njano ikabaki.
Kamba imechanua ncha kama mswaki wa mtoto:
hiyo nilimfundisha mwenyewe,
uzi wa viatu, nta ya mshumaa, moto kidogo.
Hiyo bure. Maarifa siyapimi kwa mizani.

Halafu pini ya usukani.
Nikampa boliti ya pikipiki, nikajisifu,
nikasema hii watairithi wajukuu.
Wiki ya tatu ikakatika katikati ya bwawa,
upepo wa upande wa Upare unasukuma kama mdai.
Alipiga kasia kwa ubao wa kukalia
akafika ng'ambo giza limeingia.

Hakuja na hasira. Hasira ningeijibu.
Aliweka vipande viwili mezani,
akavisogeza vikagusana,
akasema, "Tafuta eksi."

Nilikesha naye, huyo eksi.
Nikamwambia Mwalimu alete na bamba lenyewe.
Tundu lilikuwa limetanuka, limekuwa yai,
na boliti mchana kutwa ilikuwa inagonga humo
kama mlevi anayetafuta kitasa.
Chuma hakikuwa na kosa.
Kosa lilikuwa nafasi, upana wa ukucha,
niliyoiona siku ile
nikaona si kitu.

Nikalijaza gundi ya mirija miwili
iliyokorogwa na unga wa mbao,
likalala usiku mzima,
asubuhi nikatoboa upya, duara kweli duara.
Sikumtoza.

Mashua yenyewe sijaiona.
Ananialika, nasingizia wateja.
Ukweli ni kwamba ninayo yangu kichwani,
imeungwa kwa vilivyovunjika tu:
ina usukani, ina meno ya njano, ina kapi,
haina ubavu hata mmoja.
Inaelea vizuri sana.

Jumanne iliyopita alikuja tena na gazeti.
Nikavuta kiti, nikawasha taa ya mkononi.
Lile kapi la kwanza. Nikalizungusha:
kimya, laini, mfereji umeng'aa kwa kamba.
"Limefanya nini?"
"Halijafanya kitu. Miaka minne.
Nimelileta ulione."

Akanywa chai, akalifunga tena,
akawahi basi la Mwanga.
Na kule bwawani, siku nzima,
tanga lilikuwa chini.