Ndoo ya Chini

Kisima cha Monowara kilipakwa rangi nyekundu.
Mtu wa serikali alikuja na brashi na kopo,
akapaka mdomo wa pampu, akaandika namba, akaondoka.
Hakuacha kisima kingine.

Maji yenyewe hayana kosa usoni:
maangavu, baridi, matamu kuliko ya bwawa.
Sumu yake haina harufu, haina haraka.
Ilianzia viganjani mwa mumewe,
ikaotesha punje ngumu kama mchele uliomwagika,
kisha madoa kifuani, mvua ya kwanza juu ya vumbi.
Majirani wakanong'ona: ukoma.
Harusi ya Shiuli ikavunjika kwa punje zile.

Sasa mama yuko bwawani, maji kiunoni,
anang'oa gugumaji, lile lile
linaloziba mifereji na kukaba nyavu,
ambalo hata ng'ombe hulila shingo upande.
Maua ya zambarau anayakata, anayatupa.
Anataka mizizi: ndevu nyeusi zenye tope.
Anaiosha mara tatu, anaianika juu ya bati,
anaitwanga kwa kinu cha mguu
mpaka iwe unga wa kahawia, laini kama ugoro.

Ndoo ya juu, unga na mchanga.
Ndoo ya chini, subira.
Tone.
Tone.
Kibaba hakijui haraka.

Shiuli anachovya karatasi ya kupimia, anahesabu dakika.
Ya kisimani hugeuka rangi ya kiini cha yai.
Hii, tazama, Ma, karibu nyeupe.
Karibu:
hajui kama anayakaribisha maji
au anayawekea mpaka.

Baba anakunywa glasi nzima bila kuuliza.
Monowara hanywi. Anaitazama ndoo ya juu,
unga ule uliolowa na kuvimba,
uliokubali kumeza kilichokuwa kikiwameza wao.
Autupe wapi? Bwawani kuna samaki.
Shambani kuna mpunga.
Mbuzi ameshaanza kuunusa.

Usiku anaufunga ndani ya mfuko wa saruji,
mafundo mawili, na juu yake anachora alama
kwa rangi ya kucha ya Shiuli,
nyekundu, iliyobaki tangu harusi ile.
Kesho atauliza mjini nani hupokea mzigo kama huu.
Huenda asiwepo.

Ananawa mpaka viwikoni, mara tatu,
kwa maji ya ndoo ya chini,
kisha, kwa kuwa kiganja kimeshajaa,
anakunywa.