Kofia Mbili za Kongwa

Waskoti wa karanga walipofungasha,
shangazi Nyemo, dobi wao,
aliachiwa kofia mbili. Mshahara, hapana.

Ya jeshi ni kaki, ngumu pembeni;
beji iling'oka, ikabaki kutu,
na mkunjo wake unalalia kulia
hata uunyooshe kwa pasi ya mkaa.
Ya raia ni buluu, pana kama chapati,
kishada chekundu utosini,
inanuka kondoo na tumbaku.
Uigeuze mbele, uigeuze nyuma, haikugombezi.

Hiyo aliivaa gulioni Kibaigwa.
Wakamcheka. Akaendelea kupima mtama.

Ile ya jeshi akampa kuku atamie.
Mayai kumi na moja.
Vifaranga walitoka wote,
bila safu.