Kifungo cha Juu

Mimi ni fundi. Shingo ya mwanangu naijua kwa futi kamba:
Januari, inchi kumi na moja kasoro robo.
Mwezi wa sita, shati lile lile, tundu lile lile,
kifungo cha juu kikagoma.

Nikasema kanenepa. Mwaka ule uwele ulijaa ghalani,
nani asingenenepa?
Nikakisogeza kifungo, upana wa kucha.
Wiki tatu, nikakisogeza tena.

Hombolo nzima ilikuwa na jibu: rovu hilo,
mama yake ananunua chumvi ya mnadani, haina madini joto.
Mama Nyemo akamwaga kopo zima, akaleta ya pakiti,
akaikoleza kwenye mlenda mpaka tukanywa maji kama ng'ombe.
Kile kivimbe hakikujali.
Kigumu, upande mmoja, zabibu mbichi chini ya ngozi.

Mjini, Dokta Kisinda hakukigusa kwanza.
"Meza mate, Nyemo. Meza tena."
Kikapanda, kikashuka.
Wakampaka ute wa baridi, wakapiga picha, akacheka.
Halafu sindano, nyembamba kuliko yangu ya kudarizi.
Mimi, mtu wa sindano, nikageukia ukuta.

Majibu siku kumi na nne.
Nilishona sare thelathini na mbili,
kola zote zikaenda upande.

"Saratani ya tezi dundumio.
Imeshatembea hadi pembeni mwa shingo.
Lakini kwa watoto, mara nyingi inatibika."
Mara nyingi. Hakusema daima.
Neno hilo nililipima njia nzima ya kurudi.

Wakamkata. Alipoamka aliniita kwa sauti ya kunguru.
Nikamwambia imempendeza.

Kisha Dar, kwa dawa ya mionzi. Na kabla yake, wiki mbili
bila chumvi ya pakiti.
Mama Nyemo akamkazia muuguzi macho:
"Ile ile niliyosemwa kwamba nimemnyima?"
"Ile ile, mama. Masalia ya tezi yashinde njaa.
Tukiyapa madini joto yenye mionzi, yatayabugia."
Mke wangu hakujibu. Alikaa akichambua karanga
hadi ungo ukajaa.

Akameza kidonge, wakafunga mlango.
Siku tatu, peke yake. Akanipigia simu:
"Baba, nimekosa nini nikapewa kifungo?"
Msomi angepata la kusema. Mimi nikamwambia
kila kifungo kina tundu lake.
Akanyamaza. Kisha nikamsikia akicheka, kikunguru.

Sasa ni kidonge alfajiri, kabla ya uji,
na damu kupimwa kila baada ya miezi.
Kovu nimelikagua kwenye mwanga wa dirisha:
mishono midogo, imenyooka. Sina la kurekebisha.

Jana mwalimu kaniletea barua:
sare ya mtoto haijafungwa juu.
Nimeijibu nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa chaki ya kitambaa:
Kinafunga, mwalimu. Nimepima.
Hataki tu.