Jana Ulikula Nini?

Nyumba namba arobaini na moja, Tandika, nyuma ya mashine ya kusaga.
Siwatu binti Shomari, miaka hamsini na minane,
au sitini, anasema, inategemea nani anauliza.
Nafungua dodoso, nafuta unga uliotua juu ya karatasi.

Tangu ulipoamka jana hadi ulipolala, ulikula nini?

"Kidogo tu."

Neno hilo halina msimbo kwenye fomu yangu.
Nimebeba vikombe vya kupimia,
nimebeba picha za ugali, saizi tatu,
kama milima iliyopigwa picha kutoka mbali.
Anagusa mlima mdogo, kwa adabu.
Mjukuu anacheka mlangoni.
Anahamisha kidole, mlima wa kati.

Chai, vijiko vingapi? "Viwili."
Kijiko chenyewe kimesimama ndani ya kopo la sukari:
ni cha kupakulia wali.
Na vitumbua anavyokaanga alfajiri kwa ajili ya wateja?
"Kuonja si kula, mwanangu."
Naandika pembeni kwa penseli: kuonja, mara ngapi?

Kidole cha kati. Sindano. Tone.
Mashine inahesabu kurudi nyuma, tano, nne,
naye anaitazama kama anavyotazama mafuta
kabla hayajashika moto.
Kumi na nne nukta mbili.
Presha mia na sabini na nane kwa mia na nne.

"Hiyo ni nyingi?"

Tulifunzwa namna ya kulisema hili:
sauti ya chini, macho usiyakwepeshe, mpe barua ya rufaa.
Kabla sijaanza, ameshaanza yeye.

"Pazi wangu walimkata kidole, halafu mguu.
Mguu tukauzika Kisarawe, kwao.
Ukakaa huko miezi saba ukimsubiri.
Moyo ndio ulimpeleka, si sukari. Ndivyo walivyoandika."
Ananyoosha khanga gotini.
"Wewe unaandikaje?"

Sikuwa na jibu. Nina sura nzima kuhusu hilo,
yenye majedwali, yenye mishale
kutoka kwenye sukari kwenda kwenye mshipa, kutoka kwenye mshipa kwenda moyoni,
na hakuna mshale hata mmoja unaopita Kisarawe.

"Mwaka juzi nilijinyima, nikapungua.
Majirani wakaanza kunong'ona, wateja wakapungua na wao.
Nani atanunua kitumbua kwa mtu aliyekonda?
Nikaurudisha mwili, kama unavyorudisha deni."

Kisha, akinivulia miwani:
"Na wewe, daktari, jana ulikula nini?"

Asubuhi, kwenye semina ya lishe, sambusa tatu.
Mchana, soda, kwa sababu ilikuwa baridi na ilikuwa karibu.
Saa nne usiku, chipsi mayai,
nimesimama kwenye ngazi za idara, taa imezimwa,
chumvi juu ya chumvi.
Baba yangu alikufa akiwa na miaka hamsini na mitatu.
Hilo pia lina kisanduku chake, ukurasa wa sita.

"Kidogo tu," nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa,
akaniletea chai. Tamu. Mgeni hapewi chai chungu.
Mwongozo wa utafiti unakataza kupokea chochote.
Nikanywa mpaka chini, kwenye tope la sukari.

Ofisini, programu haikubali kisanduku kitupu.
Mshiriki 0417, kiasi cha chakula: naandika 99,
maana yake hajui.
Lakini anajua. Anajua kwa gramu.
Kinachokosekana ni kijiko cha ukubwa huo kwenye mkoba wangu.

Kliniki ni kila Jumanne.
Jumanne ya kwanza nikapiga simu: jina lake halimo.
Ya pili, halimo.
Ya tatu nesi akalisoma polepole, mdomo umejaa:
Siwatu Shomari, amekuja kwa miguu,
sukari kumi na moja nukta tisa,
ameleta vitumbua.
Vimebaki viwili, akasema. Nikuwekee?