Kielelezo

Leota Sayre kapewa dakika tatu.
Ukumbi wa shule, milima ya Virginia Magharibi;
mpwa wake, mchomeleaji, kaketi upande wa kampuni,
macho kwenye buti.

Hakuleta hotuba. Kaleta chupa ya maji ya kisima,
kaitua juu ya ramani,
pale bomba la gesi linapopasua shamba lake kwa wino mwekundu.

"Ajira mna safu yake. Bei mna safu yake.
Maji haya mtayaandika wapi?
Na mafuriko yaliyozoa daraja?"

Karani kapekua fomu, kapekua tena,
kisha kaibandika chupa namba: arobaini na saba.

"Muda umekwisha, mama."

Chupa ilikuwa ikivuja.
Wino mwekundu ukaanza kuteremka,
polepole,
kuelekea mtoni.